Upepo Unatoka Wapi? Kuisoma Picha ya Kiholanzi ya Bahari Iliyochafuka

Katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington imehifadhiwa picha ya rangi ya mafuta yenye kimo cha sentimita 114 na upana wa sentimita 167. Aliichora Ludolf Backhuysen wa Amsterdam mwaka 1667. Ndani yake meli tatu za mizigo za Kiholanzi zimekamatwa na tufani karibu na majabali. Milingoti imelala upande, mawimbi yanapanda yakipasuka povu, na wingu zito limefunga anga, ila mahali pamoja limechanika na mwanga wa rangi ya dhahabu unapenya. Mbele kabisa, karibu na anayetazama, vinaelea vipande vya chombo kingine. Kulikuwa na meli ya nne, na habari yake imekwisha.

Picha za namna hii zimejaa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na nakala zake zimetundikwa kwenye kuta za mahoteli na ofisi pande zote za dunia. Ndiyo maana ni rahisi kuzipita. Bahari, meli, wingu, basi. Mimi nilizipita hivyo miaka mingi. Kilichonifanya nisimame ni swali ambalo nahodha yeyote wa jahazi angeliuliza kabla ya jingine lolote: upepo unatoka wapi? Ukishalijibu, unaanza kuona kwa nini tanga hili limeshushwa na lile limeachwa, kwa nini meli hii imegeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kule, na nani kati yao amebakiwa na nafasi. Hapo maswali makubwa zaidi, ya dini, ya biashara, hata ya mapenzi, yanapata pa kushika.

Pwani iliyo upande wa demani

Anayelijua jahazi analijua tanga la pembe tatu, ambalo linaweza kukiingiza chombo karibu na upepo wa mbele na kukifanya kibishe, mara huku mara kule, mpaka kifike. Merikebu ya Kiholanzi ya karne ya 17 ilikuwa kitu kingine. Matanga yake makubwa yalikuwa ya pembe nne, yametundikwa kwenye foromali zilizokata mlingoti kama msalaba. Upepo ukitoka nyuma au kando, merikebu hiyo ilikwenda vizuri sana. Ukitoka mbele, ilihangaika. Hata siku njema haikuweza kuukaribia upepo kwa pembe ndogo kuliko digrii 65 hivi, na huku ikijitahidi kwenda mbele, mwili wake mpana ulikuwa ukisukumwa kando. Bahari ikichafuka, matanga ya juu hushushwa yasije yakapasuka au kuvunja mlingoti, na hata ule uwezo mdogo wa kubisha unapotea.

Sasa weka pwani upande wa demani, yaani upande ule upepo unakosukuma. Nahodha hawezi kurudi alikotoka kwa sababu upepo uko huko. Hawezi kukimbia na upepo kwa sababu mwamba uko huku. Kila dakika anasogezwa, hata asipofanya kosa lolote. Mabaharia wa zamani hawakuogopa sana tufani ya katikati ya bahari kuu kama walivyoiogopa tufani ya karibu na nchi kavu, na jambo hilo humshangaza mtu wa bara, ambaye hudhani ufuko ndio usalama.

Huo ndio mtego wa picha ya Backhuysen. Matanga mengi yameshushwa. Majabali yako karibu. Meli ziko karibu mno zenyewe kwa zenyewe pia, kiasi kwamba moja ikiyumba vibaya inaweza kuipiga nyingine. Yaliyobaki kwa nahodha ni machache, na wanunuzi wa Amsterdam waliyajua yote: kuacha kipande kidogo cha tanga ili usukani uwe na nguvu ya kushika maji, kutupa nanga na kuomba amari, ile kamba ya nanga, isikatike, kutosa shehena ili chombo kipande, na mwisho kabisa kuukata mlingoti kwa shoka, ili upepo ukose pa kushika. Ukiona mlingoti unaelea katika picha hizi, kumbuka kwamba huenda haukuvunjwa na upepo.

Tazama na mawimbi yenyewe. Aliyezoea mawimbi ya kusi katika Bahari ya Hindi anajua mgongo mrefu wa maji unaokuja taratibu, chombo kikaupanda na kuushuka. Mawimbi ya Backhuysen ni mafupi, yamesimama, yamekaribiana. Wengine hudhani anatia chumvi, ila Bahari ya Kaskazini haina kina kirefu: wastani wake ni mita 90 hivi, na sehemu ya kusini, mbele ya Uholanzi, ni pungufu sana ya hapo. Zuiderzee, ile ghuba ya ndani ambayo meli zote za Amsterdam zililazimika kupita, sehemu kubwa ilikuwa na kina kisichozidi mita 5. Wimbi likifika kwenye kina kifupi, sehemu yake ya chini inakawizwa na sakafu ya bahari ilhali kilele kinaendelea na mwendo. Wimbi linajikunja, linasimama wima, linavunjika. Chombo hakipati muda wa kupumua kati ya pigo na pigo. Wazungu wa kaskazini waliijua bahari hiyo, na wachoraji wao waliichora kama ilivyo.

Majabali yasiyokuwepo Uholanzi

Lipo jambo moja ambalo si la Uholanzi hata kidogo. Nchi hiyo haina majabali baharini. Pwani yake ni mchanga, matope na vichuguu vya mchanga vinavyohamahama chini ya maji. Sasa majabali haya yametoka wapi?

Sehemu ya jibu iko kwa mwalimu. Backhuysen alizaliwa Emden mwaka 1630, mji wa bandari ulioko Ujerumani ya leo, akafika Amsterdam akiwa kijana wa miaka 19 hivi kufanya kazi ya ukarani katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri, Bartolotti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupindukia, na meli za kwanza alizozichora alizichora kwa kalamu ya wino, kwa mkono uleule uliojaza vitabu vya hesabu. Rangi ya mafuta alijifunza baadaye, na mmoja wa waliomfundisha ni Allart van Everdingen. Everdingen alikuwa amesafiri Norwei na Uswidi mwaka 1644 na kurudi na michoro ya miamba, misonobari na maporomoko ya maji, vitu ambavyo Waholanzi wa nchi tambarare walivipenda kwa sababu hawakuwa navyo. Mwamba wa Skandinavia ukapita kutoka mkono wa mwalimu kwenda mkono wa mwanafunzi.

Sehemu nyingine ya jibu ni njia za biashara. Norwei ndiko mbao zilikotoka, na Bahari ya Baltiki ndiko nafaka ilikotoka. Bila mbao hizo na nafaka hiyo Amsterdam isingejengwa wala kula. Waholanzi wenyewe waliiita biashara ya Baltiki mama wa biashara zote, na kwa karne nzima iliajiri meli nyingi kuliko safari za Asia zilizovuma zaidi. Meli ya mizigo ya Kiholanzi iliyovunjika kwenye jabali ilikuwa habari ya kawaida kabisa, iliyofika kwa barua.

Hata hivyo naona sababu ya tatu, ya kichoraji. Kifo cha kawaida cha baharia wa Kiholanzi kilikuwa mchangani, karibu na nyumbani, na mchanga hauonekani. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1593, meli zipatazo 150 zilikuwa zimetia nanga karibu na kisiwa cha Texel zikingoja upepo mzuri. Tufani ilizikuta hapo hapo. Zilizopotea ni 40 hivi, na mabaharia waliokufa walizidi 1,000. Roemer Visscher, mfanyabiashara na mshairi wa Amsterdam, alipata hasara kubwa usiku ule. Binti yake alipozaliwa miezi mitatu baadaye alimwita Maria Tesselschade, yaani Maria wa hasara ya Texel. Binti huyo alikua akawa mshairi mashuhuri, na alilibeba jina la msiba wa bahari maisha yake yote. Sasa jaribu kuichora hatari ya namna hiyo, mchanga uliofunikwa na maji ya kijivu. Mtazamaji hataona kitu. Jabali analiona, na anaupima kwa jicho umbali uliobaki kati yake na meli.

Waliokuwa na hisa

Tujiulize nani alinunua picha hizi. Wafalme na maaskofu wachache sana. Uholanzi ya wakati ule ilikuwa jamhuri ya miji, na picha ziliuzwa sokoni, kwenye maduka, kwenye minada, hata kwa bahati nasibu. Mwenye kiwanda cha pombe alikuwa na picha ukutani, na mwoka mikate vilevile.

Watu haohao ndio waliomiliki meli. Merikebu ya mizigo haikuwa ya tajiri mmoja. Iligawanywa kwa hisa: nusu, robo, thumni, moja ya 16, moja ya 32, hata moja ya 64. Mjane aliweza kuweka akiba yake katika moja ya 32 ya meli inayokwenda Norwei, na fundi matanga akalipwa kwa hisa badala ya fedha. Meli ikizama, hasara ilitawanyika ikawa ndogo kwa kila mmoja, lakini ilimfikia kila mmoja. Kufikia mwaka 1598 Amsterdam ilikuwa imeanzisha baraza maalumu la kuamua kesi za bima ya vyombo vya baharini. Kulikuwa pia na kanuni ya zamani zaidi ya bima: shehena ikitoswa baharini ili kuokoa chombo, hasara wanagawana wenye mali wote, siyo yule tu ambaye mzigo wake ulikuwa juu.

Kwa hiyo familia iliyokaa mezani chini ya picha ya meli zinazopambana na tufani iliona mle ndani akiba yake. Meli tatu za Backhuysen ni za aina iliyoitwa *fluyt*, iliyobuniwa katika mji wa Hoorn mwaka 1595 hivi: tumbo pana, sitaha nyembamba, tezi (sehemu ya nyuma) la mviringo, na kamba zilizopangwa kwa akili hata mabaharia 12 wakatosha kuiendesha. Ilikuwa meli ya faida, haikujengwa kwa fahari wala kwa vita. Backhuysen angeweza kuweka manowari zenye mizinga na nakshi za dhahabu, na mara nyingine alifanya hivyo. Hapa alichagua malori ya bahari.

Merikebu za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa 1602, zilikuwa kubwa zaidi na zilikuwa na silaha. Hizo watu wa pwani yetu walikutana nazo mapema. Mwaka 1607 msafara wa Paulus van Caerden ulikizingira Kisiwa cha Msumbiji kuwanyang'anya Wareno ngome yao ya São Sebastião, ukashindwa. Mwaka uliofuata Pieter Verhoeff akaja na meli zaidi, naye akashindwa. Picha za Kiholanzi za bahari hukaa kimya kuhusu upande huo wa safari, wa mizinga na miji iliyochomwa. Zinamwonyesha Mholanzi akiwa mnyonge mbele ya maji, na ni kweli alikuwa mnyonge mbele ya maji. Alikokwenda baada ya tufani kutulia ni habari ambayo kuta za nyumba za Amsterdam hazikuitundika mara kwa mara.

Je, tufani ina maana?

Hapa ndipo wataalamu wanapogombana. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, Eddy de Jongh na wenzake walionyesha kwamba picha nyingi za Kiholanzi za karne ya 17, zinazoonekana kama maisha ya kawaida tu, zina mafumbo ndani yake. Walirudi kwenye vitabu vya mafumbo vya wakati ule, ambamo mchoro mdogo huambatana na beti na mafundisho, wakaikuta meli kila ukurasa: meli ni roho ya mtu, meli ni kanisa, meli ni serikali, meli ni mpenzi anayetafuta bandari. Mwaka 1983 Svetlana Alpers akaja na hoja tofauti. Kwa maoni yake wasomi walikuwa wakizisoma picha za kaskazini kana kwamba ni za Italia, ambako picha husimulia hadithi. Waholanzi walikuwa watu wa ramani, lenzi na darubini, na kwao kuchora ilikuwa njia ya kuujua ulimwengu kwa kuuangalia.

Ukiisoma picha ya Backhuysen kwa mafumbo, kazi ni rahisi. Zaburi ya 107 iliimbwa makanisani: wale washukao baharini katika merikebu wanainuliwa juu na kushushwa vilindini, wanayumba kama walevi, wanamlilia Bwana, naye anaituliza tufani na kuwafikisha bandarini. Ule mwanga wa dhahabu unaopita kwenye wingu unakuwa jibu la dua. Vipande vya meli ya nne vinakuwa onyo.

Ukiisoma kwa macho ya Alpers, mwanga ni mwanga. Mawingu ya tufani hupasuka hivyo jioni. Mchoraji ameiona hali hiyo na ameirekodi.

Mimi nadhani mzozo huu unalegea mara tu unaporudi kwenye upepo. Sisi tunayo methali: chombo cha kuzama hakina usukani. Mholanzi aliyelelewa na mafundisho ya Calvin, kwamba Mungu ameshaamua ya kila mtu kabla hajazaliwa, angeielewa methali hiyo bila kufasiriwa. Lakini meli tatu za mwaka 1667 zina usukani, na watu wanaufanyia kazi. Matanga hayakujikunja yenyewe. Mtu alipanda foromali katika upepo ule, akalala kwa tumbo juu ya mti uliolowa, akakusanya kitambaa kizito kwa ngumi. Imani ya watu wale haikuwaambia wakae wakingoja. Iliwaambia wafanye kila linalowezekana na wajue kwamba huenda lisitoshe. Ili picha iweze kusema jambo hilo, lazima iwe sahihi kibaharia. Mchoraji akikosea upepo, juhudi za mabaharia zinakuwa upuuzi, na sala yao inakuwa pambo. Usahihi ndio unaolibeba fumbo, kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua upande.

Mapenzi nayo yamo. Katika Jumba la Taifa la Sanaa la Ireland mjini Dublin kuna picha ya Gabriel Metsu, ya katikati ya miaka ya 1660, ya mwanamke anayesoma barua. Ameinama karibu na dirisha, barua kaigeuzia mwanga, kiatu kimoja kimemtoka mguuni na kiko sakafuni. Nyuma yake mtumishi amempa mgongo mtazamaji. Amenyosha mkono, amelivuta pembeni pazia la kijani linalofunika picha iliyotundikwa ukutani, na anaitazama. Waholanzi walikuwa na desturi ya kufunika picha zao nzuri kwa pazia dhidi ya vumbi na jua. Picha iliyofunuliwa ni ya meli katika bahari iliyochafuka. Metsu hakuandika maelezo. Mke anasoma maneno ya mtu aliye mbali, mtumishi anaiona bahari, na sisi tunajua jambo ambalo hawajaambiana.

Rangi ya majivu

Aina hii ya uchoraji ilianza kwa rangi kali. Baba yake ni Hendrick Vroom wa Haarlem, ambaye ujanani alivunjikiwa na chombo pwani ya Ureno, akanusurika, akaichora tufani ileile iliyotaka kumuua, na akaiuza. Meli za Vroom zina rangi kama nguo za sikukuu na bahari yake ni ya kijani iliyokolea. Unaona kila kamba.

Jan Porcellis aliligeuza jambo hilo. Kwake meli kubwa zinarudi nyuma au zinatoweka kabisa, vinabaki vyombo vidogo vya wavuvi, mstari wa upeo umeshushwa chini, na theluthi mbili za picha ni anga. Rangi ni kijivu, hudhurungi, kijivu tena. Maji na mawingu vinakuwa vitu vya familia moja, kama vilivyo kweli siku ya mvua. Waliomfuata walimhesabu kuwa Raphael wa bahari, kwa jina la mchoraji mkuu wa Italia, na Rembrandt alikuwa na kazi zake nyumbani.

Kijivu hicho kilikuwa pia na faida ya mfukoni. Mwaka 1615, akiwa Antwerp na madeni, Porcellis alitia sahihi mkataba na fundi mapipa mmoja: picha 40 kwa wiki 20. Picha mbili kila wiki! Huwezi kutimiza kazi hiyo kwa kuchora kila kamba ya Vroom. Unaweza kuitimiza kwa rangi chache za udongo zisizo ghali, ukipaka tabaka juu ya tabaka lenye unyevu bado. Sioni aibu katika hilo. Njaa ilimsukuma kutafuta njia ya haraka, na njia ya haraka ikamwonyesha hewa yenye unyevu ambayo hakuna aliyeiona kabla yake.

Kuna kijivu kingine cha kuangaliwa kwa tahadhari. Wachoraji wengi wa wakati ule walitumia rangi ya buluu iliyosagwa kutoka kioo chenye kobalti, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko buluu ya jiwe la Afghanistan. Ndani ya mafuta, rangi hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita, hata ikawa ya kijivu au ya manjano-kahawia. Baadhi ya anga tunazozisifu leo kwa huzuni yake zilitoka kwa mchoraji zikiwa na buluu ndani yake.

Kwenda kuiona

Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi miaka michache baada ya kifo cha Backhuysen, anasimulia kwamba hali ya hewa ilipochafuka Backhuysen alipanda mashua ndogo akapelekwa hadi mlango wa bahari kutazama mawimbi yanavyojipiga. Kisha alirudi nyumbani mbio na kuyaweka kwenye rangi kabla hayajamtoka kichwani. Naiamini habari hiyo kwa sababu ya vilele vya mawimbi yake. Pale juu kabisa, maji yanapokuwa membamba karibu ya kuvunjika, mwanga unapita ndani yake. Mtu aliyesimama ufukweni huuona uso wa wimbi. Anayeuona mwanga kupitia wimbi ni yule aliye chini yake.

Mpinzani wake mkubwa, Willem van de Velde mdogo, alilelewa katika kazi hiyohiyo. Baba yake, mwenye jina lilelile, alikuwa akienda na makundi ya manowari vitani, katika mashua yake, akichora kwa karatasi magotini huku mizinga ikilia. Alikuwepo katika vita vya baharini vya mwaka 1653 na vile vya siku nne vya mwaka 1666. Mwaka 1672 Ufaransa na Uingereza ziliishambulia jamhuri kwa pamoja, soko la picha likaanguka, na baba na mwana wakahamia London, kwa adui. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili aliwapa mshahara wa pauni 100 kila mmoja kwa mwaka: baba achore vita vya baharini, mwana avitie rangi. Huko mwana alimlipa mwenye mashua wa Mto Thames amzungushe kutwa, akichora mawingu kwa chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya buluu.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote iko Rijksmuseum, Amsterdam, nayo huitwa Dharuba ya Upepo, ya mwaka 1680 hivi. Kimo chake hakifiki sentimita 80. Hakuna jabali wala pwani. Kuna merikebu iliyopigwa ghafla na upepo, imelala upande, na bahari kubwa isiyo na ufuko. Backhuysen anakutisha kwa kitu ambacho meli itakigonga. Van de Velde anakutisha kwa uzito wa upepo peke yake, na ameuchora bila kuuonyesha, kwa sababu upepo hauonekani: ameupima kwa pembe ya milingoti.

Karne moja na ushee baadaye Turner wa Uingereza alitakiwa achore picha ya kuwekwa jozi na ya Van de Velde, na mwaka 1801 akaonyesha mashua za Kiholanzi katika dhoruba. Inasimuliwa kwamba uzeeni aliiona chapa ya picha ya Van de Velde akasema ndiyo iliyomfanya awe mchoraji. Baada yake walikuja waigaji wengi mno, na wengi wao walijifunza bahari kwa kutazama picha, wala si kwa kupanda mashua.

Ndiyo maana ukikutana na picha ya namna hii, hata nakala ya hotelini, anza na bendera. Meli inayosukumwa na upepo wa nyuma huenda polepole kuliko upepo wenyewe, kwa hiyo bendera zake hupepea kuelekea mbele, upande wa omo. Wanunuzi wa Amsterdam walijua hilo bila kufikiri, na mchoraji hakuweza kuwadanganya. Basi linganisha: tanga limejazwa upande gani, bendera ya mlingotini inaelekea wapi, povu linarushwa kwenda wapi, moshi ukiwepo unakwenda wapi. Kwa Backhuysen na kwa Van de Velde vyote vinne hukubaliana. Ukiona tanga limejaa upepo wa nyuma na bendera inapepea kuelekea tezi, aliyechora hakuwahi kulowa.